Kengele ya Stesheni ya Leeds

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Basi niandike, maana marehemu hasutwi. Nimeficha jambo moja tangu niliporudi kutoka masomoni Uingereza: sijawahi kupanda treni ya kutoka Leeds kwenda Manchester. Safari ile niliyoisimulia harusini, matangani na hata kanisani, sikuifanya. Leeds niliishi mwaka mzima. Manchester sijaiona hata kwa mbali.

Ningekufa nalo kwa raha. Lakini leo amekuja mjukuu wangu Warigia. Alhamisi anaondoka kwenda Leeds kusomea uuguzi. Jumamosi ya wiki ijayo kaka yake Mutahi anafunga ndoa Manchester, saa nne asubuhi, na katika ukoo mzima ni Warigia pekee atakayekuwapo. Akasema, "Guka, nipangie hiyo safari. Wewe ndiye unaijua."

Nikamwambia aniachie. Naijua kama njia ya kisimani.

Jumanne, 6 Agosti

Mpango: Barre. Anauza nyama kwenye kambi ya askari Waingereza, na sajini mmoja huko ni mtu wa Manchester. Nikamtuma aulize njia, kwa siri, nikisingizia kwamba nataka kujua kama imebadilika tangu wakati wangu. Mpango safi.

Siri ya Barre husikika hadi Timau. Alinikuta hotelini nikinywa chai na Ngatia, mzee wa kanisa ambaye hajanisamehe kufika Uingereza. Yeye vita vilimfikisha Burma tu. Barre akatangaza kutoka mlangoni: sajini anasema treni inapita Huddersfield, inaingia ndani ya mlima kwa shimo refu, giza tupu, ndipo inatokea upande wa Manchester.

Bahati mbaya, mimi husimulia tambarare. Ngano kulia, ngano kushoto.

Ngatia akaweka kikombe chini polepole. Akauliza mlima huo niliutaja lini. Nikasema shimo lilichimbwa baada yangu.

"Sawa, Mwalimu. Na mlima je? Nao uliletwa baada yako?"

Hoteli nzima ilicheka. Nikaiacha chai yangu.

Jumatano, 7 Agosti

Mpango wa pili, wa kurudisha heshima: kumpeleka Warigia stesheni yetu ya Nanyuki, mbele ya watu, nimfundishe kupanda treni Kizungu. Ngatia akaja bila kualikwa. Nikaonyesha kwa fimbo. Mzigo hapa. Tiketi mfukoni. Dirisha la kulia, ili uuone mlima vizuri. Nilipendeza sana.

Kisha mtu wa stesheni akagonga kile kipande cha reli kinachoning'inia pale. Wasafiri waliokuwa wakinywa chai na kuagana wakainuka bila haraka, wakapanda. Warigia akatabasamu. Akasema sasa hana wasiwasi. Ati atafika stesheni mapema, aketi, anywe chai yake, na kengele ikilia apande.

"Si ndiyo, Guka?"

Ngatia alikuwa akinitazama. Nikasema ndiyo.

Sikugusa chakula cha jioni. Kuhusu reli za Uingereza najua jambo moja tu la kweli, nalo ni hilo: Leeds hawagongi chuma. Treni huja, milango hufungwa, na huondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Nikilisema, nitaulizwa nililijuaje. Nikilinyamazia, Mutahi ataoa kama yatima.

Alhamisi, 8 Agosti

Asubuhi nikamvuta Warigia kando. Nikamwambia asisubiri kengele, haipo. Akiiona treni ya Manchester aingie mara moja. Chai atakunywa kwa Mutahi. Akauliza nimejuaje.

Nilikuwa tayari kusema kweli. Kinywa kilifunguka. Nikasema rafiki yangu Kihara, aliyekuwa akisoma Manchester, alinitembelea Leeds, na siku ya kurudi akasubiri kengele mpaka akaachwa. Maskini Kihara, alikuwa mshamba kidogo.

Warigia akacheka, akanikumbatia, akaenda. Mpango umekamilika. Kihara ni marehemu, na marehemu hana kinywa.

Nilisahau ana mjane.

Ijumaa, 9 Agosti

Murugi, mjane wa Kihara, amefika kabla ya uji. Kumbe Warigia alimsimulia kila aliyekuja kumuaga. Murugi hakupaza sauti. Akasema mumewe alimweleza habari za siku ile: alinipikia kuku, akasimama stesheni ya Manchester tangu asubuhi mpaka taa zikawashwa, na mimi sikutokea.

"Miaka hii yote nakusikia na hiyo treni yako, Mwalimu. Bwana yangu alisema tukuache, inakufurahisha. Lakini mshamba hakuwa."

Akauliza basi siku ile nilikuwa wapi. Nikasema malaria.

"Malaria. Leeds." Akajifunga leso upya, akainuka. "Pole, Mwalimu."

Jumatatu, 19 Agosti

Telegramu ya Mutahi imefika. Warigia aliwahi kanisani kabla ya bibi harusi. Anamshukuru Guka.

Hotelini wakaniomba niisimulie tena safari. Nikawapitisha ndani ya mlima, giza tupu, moshi machoni. Hata Ngatia alisogeza kiti karibu. Walipotaka zaidi nikaongeza mlima wa pili. Murugi, aliyekuwa amekuja kuuza mayai, akakohoa tu.

Siku ile nilikuwa stesheni ya Leeds. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi, tiketi mfukoni, treni za Manchester zikija na kuondoka mbele ya magoti yangu, nikisubiri wagonge chuma.