Santuri ya Oswaldi

Jumatatu, 4 Julai 1994

Nimefikisha santuri kumi na moja. Ya leo nimeitoa Magamba kwa mtetea mmoja. Jazi tupu, bendi ambayo hata waliokuwa wakiicheza wameisahau. Aliyenipa ananiona mjinga. Na mimi namwona yeye.

Kasoro moja tu: gramafoni sina. Anayo Mzee Kassiani, jirani yangu hapa Makanyagio, Mpanda, karani mstaafu wa stesheni. Ana gramafoni, ana sanduku zima la santuri, na juu ya sanduku ana maringo.

Jioni kaja, kala karanga zangu, ndipo akajisahau akasema santuri ya Kabungu Jazi imeonekana Ikola. Nikaendelea kumenya karanga.

Bendi ile ilirekodi santuri moja tu, na anayeimba ni Oswaldi, marehemu mume wangu. Yetu ilivunjika tulipohama. Kassiani anaitaka kwa sababu ni adimu. Mimi naitaka kwa sababu nimeanza kuisahau sauti ya Oswaldi. Hili naliandika hapa kwa vile hakuna anayesoma. Sura yake ninayo. Kikohozi chake ninacho. Sauti inanikimbia.

Kassiani anaondoka Ijumaa na lori la dagaa. Basi mimi naondoka Alhamisi! Akili yote hiyo, na shule sikuiona. Herufi zenyewe nilizipata ngumbaru, nikiwa na wajukuu.

Alhamisi, 7 Julai

Tangu alfajiri niko stendi na kikapu. Hakuna lori. Hakuna hata mpakiaji. Saa nne nikasikia ngoma uwanjani, ndipo nikakumbuka. Sabasaba! Madereva wote mapumzikoni.

Kassiani akapita na shati jeupe, akauliza kama nasafiri. Nikamwambia napunga upepo. Akauliza na kikapu je? Nikamwambia nacho kinapunga. Akaketi anisindikize.

Tumepunga upepo mpaka saa saba. Njaa ikauma, na viazi vya safari vimo kikapuni. Mwisho nimevitoa. Amekula kunizidi. Tangu mkewe afariki amekonda kama fito, nikamwambia hivyo hivyo usoni, nikamsimamia mpaka akamaliza.

Ijumaa, 8 Julai

Lori moja, sote wawili. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anakwenda wapi. Dereva akaniweka mbele kwa heshima ya uzee. Kassiani juu, kwenye magunia matupu. Ikola ameshuka mwekundu kama tofali. Nikampangusa kwa khanga yangu, nikimsema kwa kusafiri bila kofia.

Tukaulizia. Wakatuelekeza kwa Pudensiana. Wifi yangu! Dada wa Oswaldi mwenyewe! Miaka yote hii santuri iko kwake, anafunikia bakuli la mawese.

Nilikuwa nimetunga uongo tangu Mpanda, kwamba Kassiani ni mtu wa kodi, asipewe kitu. Nikautoa wote. Pudensiana akaendelea kugeuza dagaa zake juani. Alipomaliza akaingia ndani, akaitoa santuri, akanikabidhi kwa mikono miwili.

“Wifi, ungeomba tu,” akasema. “Kaka ni wangu, lakini alikuwa anakuimbia wewe.”

Uongo mzuri vile, umekwenda bure.

Njiani kurudi Kassiani kanisihi mara tatu: nisiioshe, nisiiweke juani, niifute tu kwa kitambaa laini kikavu. Ameumia huyo. Anataka ibaki na mafuta ising'ae kuliko zake.

Jumamosi, 9 Julai

Nimeiosha. Maji ya moto, sabuni ya mche, dodoki. Mawese yametoka, harufu ya dagaa imetoka. Inang'aa kama kisigino cha bibi harusi. Nimeianika kwenye mkeka pamoja na mihogo, jua kali, nikaenda kumwona mgonjwa.

Nimerudi saa tisa. Mihogo imekauka vizuri sana.

Santuri imekuwa bakuli.

Jumapili, 10 Julai

Sikwenda kanisani. Nimeilaza chini ya gunia la mahindi. Gunia halikutosha, nikalikalia mwenyewe, nikapukuchua mahindi juu yake mchana kutwa. Watu waliopita wakanisifu kwa bidii.

Jioni nimeitoa. Ilikuwa bakuli, sasa ni sahani. Kuna nafuu.

Nimeishika muda mrefu. Ilikuwa moja tu, nami nimeianika kama muhogo.

Jumatatu, 11 Julai

Nimeipeleka kwa Kassiani chini ya khanga, pamoja na ugali na mlenda wake. Nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Akavaa miwani, akaigeuza, akaguna, akaniuliza dodoki nalo? Nikakubali. Akasema sindano huenda ikaruka, nisitegemee kitu.

Akaiweka. Sindano ikapanda, ikashuka, ikapanda. Magitaa yakaja yakiyumba. Halafu sauti. Ilivutika, ikazama, ikaibuka, ikashika neno moja ikalikokota kama mtu anayetafuta mlango.

Kassiani akainua mkono aizime. Akasema pole mama, wimbo umeharibika.

“Acha hapo hapo!” nikamwambia. “Umeharibika nini? Hivi ndivyo alivyokuwa anaimba akirudi kutoka kilabuni. Ile ya studio ndiyo haikuwa yeye.”

Tumeipiga mara nne. Ugali ukapoa. Kassiani akawa anafuta miwani, eti vumbi. Nami nilikuwa na vumbi.

Sauti imerudi. Hata nikiandika hapa, naisikia.

Ijumaa, 15 Julai

Kassiani amepanda treni kwenda Tabora, kwa dada yake, majuma mawili. Asubuhi kanikabidhi gramafoni na sanduku lake lote. Santuri thelathini na mbili. Amesema hapa mjini hakuna mwingine anayemwamini, kwa vile mimi najua maana ya santuri. Karudia masharti yake: kitambaa laini, kikavu, basi. Nimemfungia mihogo ya njiani. Alipogeuka kona nikaona haya kidogo kwa ule uongo wa kodi.

Jumamosi, 16 Julai

Nimefungua sanduku. Vumbi! Ukungu! Alama za vidole vya tangu Uhuru! Huyu mwanaume anaishi peke yake, hana wa kumfanyia usafi, nami nimeachiwa vitu vyake nivitazame tu? Sina roho hiyo.

Nimeziosha zote. Jua leo ni zuri mno.

Safari hii siendi kwa mgonjwa. Kosa langu la kwanza nimelijua: niliianika upande mmoja. Leo nimeketi hapa hapa mkekani, nazigeuza kila baada ya muda, kama dagaa.