Sindano Kulingana na Cheo

Idara ilitangaza kwa fahari kwamba wananchi wamechoka kuhudumiwa na vipara. Kipara, lilisema tangazo, hung'aa kuliko huduma yenyewe. Hivyo kila mtumishi mwenye upara wa kurithi angetibiwa kwa gharama ya Idara, na atakayekutwa bado uwanja mtupu siku ya ukaguzi angepumzishwa kazi papo hapo. Mkurugenzi alitia saini, taa ikimulika utosini mwake.

Bawabu wa lango alifika nyumbani amenywea.

"Baba Mapacha," mkewe akamwambia, "Mungu kakunyima nywele, kakuongezea uso wa kunawa. Shukuru."

"Nashukuru, mama. Lakini mkaguzi haangalii uso."

Kwenye chumba cha matibabu, muuguzi alieleza: kigurudumu chenye visindano kinapitishwa kichwani, kinatoboa ngozi kidogo tu, kisha inapakwa dawa ya vichocheo vya ukuaji ili kuamsha mizizi iliyosinzia. "Halafu ngozi iachwe wiki kadhaa, ipone."

Mkurugenzi akakunja uso. "Yaani mimi na bawabu tuchomwe sawasawa?"

"Vichwa ni vilevile, Mheshimiwa."

"Vichwa, sawa. Na vyeo?"

Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikaazimia: sindano zifuate cheo. Bawabu achomwe fupi, kisha apumzike kama wanyonge wengine. Mkurugenzi achomwe ndefu kuliko zote, kila asubuhi.

"Pole, Mheshimiwa. Inauma?" bawabu alimuuliza pale langoni.

"Madaraka hayaumi," alijibu, machozi yakimlengalenga.

Miezi ikapita. Bawabu akaota vinywele laini kama vya kifaranga. Mkurugenzi yeye akaota kofia.

Siku ya ukaguzi mkaguzi kutoka makao makuu akaamuru vichwa vyote vifunuliwe. Bawabu alisali kimoyomoyo huku akipapaswa utosi.

"Huyu ana kitu. Abaki."

Mkurugenzi akavua kofia. Makovu matupu, hata zile nywele za pembeni alizokuwa nazo zilishahama.

"Lakini mimi nimechomwa kuliko wote!" alilalamika.

"Tunaliheshimu hilo," mkaguzi akasema. "Ndiyo maana utaondoka kwa cheo chako: wa kwanza."

Bawabu akafungua lango, milango yote miwili, kama inavyofanyika kwa wakubwa.

"Taratibu, mzee," akamwambia kwa upole. "Jua kali. Rudisha kofia."