Saa Yangu Mkononi mwa Gathogo

Jumatatu, 4 Machi

Mshipa wa moyo wangu ulizibuliwa Januari. Tangu hapo sina amani. Hospitali imenivalisha saa ya plastiki. Inapima ninavyotembea na moyo unavyodunda, kisha jioni inamwaga yote kwenye simu, na simu inamwambia Sista Sumeya. Mchongezi wa mkononi! Leo Sista amepiga kuuliza mbona jana sikufanya mazoezi. Nilimwambia nilikuwa kanisani. Akasema saa inaonyesha nilikaa kutoka asubuhi hadi jioni. Nikasema mahubiri yalikuwa marefu. Hakucheka.

Shida ni Jumamosi. Ruracio, sherehe ya mahari, ya binti wa marehemu ndugu yangu, kule Endarasha. Msemaji wa ukoo ni mimi, nani mwingine? Lakini Sista amesema nisipotembea vizuri wiki hii hakuna safari, hakuna nyama, na hakuna kubishana na wageni juu ya mbuzi. Wachuka, mke wangu, amemuunga mkono. Nisipoenda, nafasi yangu atachukua jirani yetu Gathogo. Gathogo! Mtu wa kusema "kwa ufupi" kisha anaongea mpaka chai inapoa.

Jumanne, 5 Machi

Nimetembea mpaka duka la dawa. Matope. Mlima kwenda, mlima kurudi, sijui barabara za Nyeri zilichorwa na nani. Boda zimenirushia maji machafu hadi kofia. Nimefika nyumbani hoi, simu ikaniambia nijitahidi zaidi. Simu niliyoinunua mimi mwenyewe!

Lakini kichwa bado kinafanya kazi. Gathogo hutembea kutwa. Asubuhi kwa kondoo wake, mchana mjini kutafuta mtu wa kubishana naye, jioni anapanda kilima kuangalia kama nimelala. Tena anapenda vya bure. Nimemwambia hii ni saa ya wazee wenye nguvu, avae mchana, anirudishie jioni tuone matokeo kwa simu. Nikaongeza kwamba sidhani ataiweza. Alinyoosha mkono kabla sijamaliza.

Hebu fikiria! Gathogo mwenyewe ananifikisha Endarasha kwa miguu yake. Nimelala mchana wote.

Jumatano, 6 Machi

Sista amefurahi. Ati nimebadilika sana. Wachuka aliangalia viatu vyangu, kisha akauliza mbona havina matope. Nilisema napita kwa nyasi.

Jioni Gathogo amekuja kurudisha saa na kuniringia. Alikuwa anahema, ameshika kifua. Akasema ni viazi vya mchana. Nilimwambia apunguze viazi.

Alhamisi, 7 Machi

Sista amepiga asubuhi, sauti si ya kawaida. Ati jana nikipanda kilima mapigo ya moyo yalienda ovyo, yanakimbia, yanaruka, yanasita. Nije hospitali mara moja, nisije peke yangu.

Nilimwita Wachuka nikamwonyesha hati ya shamba ilipo, nikaagiza Gathogo asipewe nafasi ya kusema mazishini. Wachuka akaanza kulia. Hapo ndipo nikakumbuka. Jana nilikuwa kitandani! Huo si moyo wangu! Ngai, nilicheka mpaka machozi. Wachuka akaniuliza, "Baba Wendy, umerukwa na akili?"

Kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Kama si wangu, ni wa Gathogo.

Sijawahi kumpenda mtu huyu tangu tukiwa shule. Lakini afe? Akiwa amevaa saa yangu? Hapana. Basi nikapanga nimfikishe hospitali bila kusema ukweli. Nilimwambia naumwa, anisindikize. Alikuja mbio, tena akataka kunibebea mfuko kwenye ngazi. Nilimnyang'anya. Akaniita mkaidi.

Sista akanilaza, akanibandika nyaya. Moyo mzima kabisa. Akapima tena, mzima. Nikamwomba ampime na rafiki yangu maadamu tumeshafika. Akasema kliniki si harusi. Gathogo akasema yeye hana ugonjwa wowote, anashuka mtaa wa chini kunywa chai, atapanda tena akimaliza. Alishafika mlangoni! Nilitafuta uongo mwingine. Sikuupata.

"Sista," nikasema, "ule moyo wa jana si wangu. Ni wa huyu. Nilimvalisha saa ili mimi nilale."

Gathogo aliutazama mkono wake. Sista hakunigombeza, alimkalisha kwenye kiti cha magurudumu na kuondoka naye mbio. Baadaye daktari akasema mshipa mkubwa umebanana, na kilima kimoja zaidi kingemmaliza. Wamempeleka kuzibuliwa. Nilibaki kwenye benchi na kofia yake mkononi. Niliogopa. Niandike tu ilivyo: niliogopa sana.

Jumamosi, 9 Machi

Gathogo amepona. Mimi nimerudishwa mwanzo wa mazoezi, mzee mzima narudia darasa. Endarasha sikwenda. Aliyesema ni Kinyua, kijana wa ukoo wetu. Kinyua! Amesahau jina la binti yetu mbele ya wageni, akataja la mamake. Ukoo mzima umeaibika, na mimi niko hapa nakunywa uji bila sukari.

Jumapili, 24 Machi

Leo Gathogo amesimama kanisani kutoa ushuhuda. Kwa ufupi, akasema. Nusu saa! Ati Mungu aliutumia uvivu wangu kumwokoa. Watu wakapiga makofi. Uvivu wangu unapigiwa makofi na mimi nimekaa hapo hapo!

Baada ya ibada amekuja kwangu, naye sasa amevalishwa saa ya hospitali. Amelalamika mpaka nikamwonea huruma. Sista anampigia kila siku. Hawezi hata kukaa kidogo na kondoo wake. Kisha akasogeza kiti.

"Rika," akasema, "yule Theuri wa kuzungusha maziwa, si hutembea sana?"

Tukatazamana. Theuri ana mikono miwili.

Lakini mimi si mjinga, mambo ya juzi yamenifunza. Safari hii nimempigia Theuri simu kwanza, nikamwuliza kama moyo wake una shida yoyote. Amesema hauna. Kesho asubuhi tunampelekea saa zote mbili.