Faili la Mzee wa Mihuri

Mzee wa Mihuri, ambaye hakuwa mzee na hakuna ofisi iliyowahi kumkabidhi muhuri, aliokota riziki yake kwenye maduka ya fotokopi. Hakuhitaji kumhoji mtu. Nakala mbili za cheti, huyo anatafuta kazi. Nakala kumi, huyo anataka kuvuka bahari. Asubuhi hiyo dada mmoja alikuwa anatoa nakala kumi na mbili, stetoskopu ikichungulia mfukoni, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu. Mzee wa Mihuri akanyoosha tai, akakohoa kikohozi cha kisomi.

"Ubingwa wa ng'ambo huo, daktari. Wa watoto au wa upasuaji?"

Wa watoto, alijibu dada, na kabla mshangao haujamtoka alikuwa ameshaingia mkenge. Aliambiwa kwamba hospitali za ng'ambo huchukua madaktari wa kila taifa, huwafundisha ubingwa wakiwa kazini, lakini mlango wake ni usaili, na wasaili wote ni marafiki wa mtu fulani ambaye leo, kwa bahati, amekuja kutoa kopi. Kilichotakiwa ni ada kidogo na vyeti halisi. Nakala kule hawazitaki, alisema kwa huzuni. Wanataka karatasi yenye jasho lako.

Ada ikaenda, vyeti vikaenda. Kila dada alipouliza, vilikuwa ubalozini, au vinasubiri muhuri ukauke. Ili asipoe, Mzee wa Mihuri alimpa na masomo ya bure kuhusu desturi za huko.

"Kule daktari hamwambii mgonjwa neno mpaka faili lake likamilike," alimfundisha. "Nyaraka kwanza, ugonjwa baadaye."

Sheria hiyo aliitunga akisubiri chai ipoe, na ilimpendeza sana.

Kisha dada akapiga simu. Hospitali aliyoiandikia mwenyewe, kimyakimya, ilikuwa imemwita kwenye usaili. Anasafiri Jumamosi, na asipoweka vyeti halisi mezani, nafasi anapewa mwingine. Mzee wa Mihuri alisikia jambo moja tu: ada ya haraka. Dada alikubali bila kubishana. Tena akaongeza kwamba wenzake sita nao wanataka ng'ambo, ila wangependa kwanza awaone wakifanya mazoezi ya mtihani wa kupima mgonjwa. Mgonjwa hawana. Yeye anayewajua wasaili, si angewafaa kuwa mgonjwa?

Ndivyo alivyojikuta kifua wazi kwenye kliniki ya watoto, juu ya kitanda kilichomwishia magotini, ukutani twiga wa rangi akimchekea. Mkoba wake wa nyaraka, ambao hakuuacha popote, aliuweka chini ya kitanda, mahali ambapo angeweza kuugusa kwa kisigino.

Daktari wa kwanza alimsikiliza kifua, akasema mmh. Wa pili akasikiliza palepale, macho kafumba. Wa tatu akamwita wa nne aje asikie. Wa nne akasikia, akamtazama mgonjwa, kisha akageuka kutazama dirishani. Wa tano alitaka kujua baba yake alikufa na nini.

"Yuko hai."

"Na babu?"

"Babu alifariki."

"Ghafla?"

"Alikuwa na miaka tisini na moja."

"Lakini ghafla?"

Akaandika mistari mingi. Mzee wa Mihuri alijaribu kuisoma kichwa chini miguu juu, ikamshinda. Mwandiko wa daktari hata ukiusoma wima ni kazi. Moyo uliomtumikia miaka arobaini bila kelele ukaanza kugonga kama mgeni aliyefungiwa nje. Wa sita aliinama, akainuka upesi.

"Huu nausikia hata bila kifaa," alisema.

"Jamani, mna nini? Dada yangu, niambie."

"Kaka, sheria unaijua kuliko sisi," dada alisema kwa upole. "Faili lako halijakamilika."

"Linakosa nini?"

"Nyaraka."

Aliteremka kitandani, akaufungua mkoba. Ubalozi wote ulikuwa humo: vyeti vya dada, bahasha yake ya ada ikiwa haijaguswa, vyeti vya wauguzi wawili na vya fundi umeme. Dada alivikagua vyake ukurasa kwa ukurasa mpaka wa mwisho, akavibana kwapani pamoja na bahasha. Vya wengine akamkabidhi daktari wa kwanza awatafute wenyewe.

"Sasa niambie," alisema Mzee wa Mihuri, shati mkononi.

"Uko mzima. Moyo safi, mapafu safi."

"Na ile mmh?"

"Mmh ni mmh tu, kaka. Sote tunaisema. Kuna aliyekwambia unaumwa?"

Alitafuta kichwani, hakumpata.

Jumamosi dada aliruka na vyeti vyake mapajani. Mzee wa Mihuri hajaonekana tena kwenye duka la fotokopi. Anazunguka kliniki hadi kliniki. Kila daktari humwekea mkono begani, hutabasamu, humwambia kwa sauti laini kwamba hana tatizo lolote. Naye haamini hata mmoja, maana mkono ule, tabasamu lile na sauti ile anavijua vizuri sana. Amevifanyia kazi miaka ishirini.