Sura Yangu Katika Filamu ya Tatu

Jumatatu, 3 Juni
Wapiga picha wamefika! Nimewasikia mwenyewe hapa Nyakanazi, wakinywa chai kwenye hoteli inayotazamana na duka langu la vitenge. Wanatengeneza filamu kuhusu wanamuziki wa Ngara na Biharamulo. Ya tatu hiyo. Katika ya kwanza kilionekana kiwiko changu. Ya pili, mgongo, tena nusu umezibwa na mbuzi. Mimi, Amri, mpiga banjo wa pekee kuanzia Nemba hadi mpakani! Napiga blugrasi, muziki wa wakulima wa milimani huko Marekani. Nimejifunza kwenye simu. Semeni, mke wangu, amesema safari hii sura isipoonekana, banjo inakwenda jikoni kuwa kuni. Hatanii huyo.

Jumanne, 4 Juni
Nimempigia Priscila, mkuu wa filamu, nyimbo tatu bila kupumua. Akasema asante, ila mbona mbio hivyo. Kisha akauliza njia ya kwenda Bukiriro kwa Mzee Minani. Minani tena! Zeze lake lina waya mmoja, na filamu zote mbili amekaa katikati kama bwana harusi. Banjo yangu ina nyuzi tano. Haki iko wapi?

Jumatano, 5 Juni
Nimepata dawa yake. Minani akipiga zeze humsifu mtu kwa jina, na anayesifiwa lazima ainuke acheze mbele yake mpaka wimbo uishe. Ndiyo desturi ya kule. Sasa akinisifu mimi, kamera itatazama wapi? Nimekwenda Bukiriro na jogoo wa Semeni ndani ya kikapu. Nikampa mzee shikamoo ya heshima zote. Akaitikia marahaba, akamminya jogoo mapaja, akasema atanisifu. Nikamsihi aimbe ukweli mtupu, asifiche kitu. Alicheka sana. Kumbe mzee mwema, nilimchukia bure.
Semeni anamtafuta jogoo wake. Nimemwambia huenda ni kicheche.

Jumamosi, 8 Juni
Ushindi! Ua wa Mzee Minani ulijaa watu. Zeze likalia, nikasikia "Amri", nikaruka katikati na banjo yangu. Kaimba Kihangaza mwanzo mwisho. Babu yangu alitoka Pangani na sisi dukani ni Kiswahili tu, kwa hiyo Kihangaza changu kinaishia kwenye salamu. Lakini sifa si zinaonekana kwa macho? Kila mstari niliitikia kwa kichwa, nikapaza sauti: kweli kabisa! Nikajipiga kifua. Watu walifurahi mpaka mama mmoja, Adelfina, akakaa chini akishika mbavu. Priscila alinisogezea kamera puani. Puani!
Nimealika Nyakanazi nzima kuja kuitazama.

Ijumaa, 30 Agosti
Filamu imeonyeshwa pale hotelini. Watu hadi madirishani, Semeni mstari wa mbele. Sura yangu ikatokea, skrini nzima! Nikasimama nipokee makofi. Hapo ndipo nikaona maandishi ya Kiswahili chini ya picha.
"Amri ana nyuzi tano, hajui hata mmoja."
Mimi kwenye skrini: kweli kabisa!
"Akipiga, ng'ombe hukataa kukamuliwa."
Najipiga kifua.
"Kaniletea jogoo wa mkewe nimsifu. Jogoo anaimba kumshinda."
Kweli kabisa! Nacheka hadi magego yanaonekana.
Wallahi niliona aibu. Nilitaka kuingia chini ya meza, nikakuta kumejaa watu. Hoteli nzima inalia kwa kicheko. Semeni peke yake hakucheka. Aligeuka taratibu, akanitazama kidevu, akauliza kama yule kicheche alikuwa na ndevu.
Lakini ahadi ni ahadi. Sura imeonekana, banjo imepona. Mimi ndiye niliyefukuzwa, nalala dukani juu ya vitenge.
Priscila anasema watarudi Desemba kwa filamu ya nne. Vizuri! Kosa nimeshaligundua: maandishi. Hukaa chini ya picha siku zote. Basi safari ijayo nitacheza nimechuchumaa, niyazibe kwa kichwa. Asubuhi nakwenda Bukiriro kumwahi Mzee Minani.
Semeni bado ana bata.