Nilivyougua Moyo wa Mwanangu

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Garissa. Siku mbaya. Daktari alimpima mke wangu Sirad tumbo, akarudia tena na tena. Sirad alipokuwa akivaa nyuma ya pazia, daktari akaninong'oneza: moyo wa mtoto unarukaruka, na mashine yake haioni vizuri. Nairobi ipo mpya, inauonyesha moyo pande zote kama kitu ulichokishika mkononi. Twende wiki hii. Nikasema mke wangu nitamweleza mwenyewe.

Nimweleze? Thubutu! Mimba ya kwanza, atazimia. Na mamake, Faduma, ametoka Banissa juzi. Anaamini mtoto akichunguliwa tumboni hupatwa na jicho baya. Hapa inatakiwa akili. Bahati nzuri ninayo.

Jumanne, 5 Oktoba

Akili imefanya kazi. Wakati wa chai nilijishika kifua, nikaanguka mkekani. Kwa ustadi! Nikasema moyo wangu unaruka, nipelekwe Nairobi, Sirad anisindikize. Tukifika nitamgeuzia mashine.

Sirad alinitazama, akakubali. Upesi mno. Sikupenda.

Hasara: mama mkwe anakuja pia, na shemeji Mustafe, kaka yake Sirad. Mustafe ananiuliza kwa upole ngamia wangu wa Modogashe watachungwa na nani "baadaye". Baadaye ya nini?

Jumatano, 6 Oktoba

Basi. Mashimo. Kila shimo nililitazama tumbo la Sirad. Mama mkwe alinisomea dua hadi Mwingi na kunishurutisha kunywa samli. Sasa moyo wangu unaruka kweli. Je, nimejiapiza?

Alhamisi, 7 Oktoba

Balaa! Kabla sijafungua kinywa, Mustafe aliwaambia wauguzi nakata roho. Nikalazwa, nikabandikwa waya kifuani. Nikasema mgonjwa si mimi. Nesi akasema wote husema hivyo. Kugeuka, Sirad hayupo!

Nikang'oa waya, nikakimbia na gauni la hospitali, wazi nyuma. Mama mkwe akafumba macho.

Nikamkuta Sirad amelala chini ya ile mashine. Alikwenda mwenyewe, akajieleza mwenyewe.

"Guleid, lile lilikuwa pazia, si ukuta," akaniambia. "Nilisikia kila neno. Nilinyamaza ili usizimie wewe."

Akanishika mkono, wake ulikuwa baridi. Mashine ikafikiri, ikafikiri. Nikasoma Fatiha, nikaikosea. Kisha moyo ukatokea kwenye kioo, mdogo kama tende, ukageuka polepole tuuone wote. Daktari akatuonyesha vyumba vinne. Kati ya viwili, kitundu.

Sirad akauliza kama mtoto anaumia. Daktari akasema hapana. Kuruka huko mara nyingi hutulia, na vitundu vidogo kama hiki vingi huziba vyenyewe. Lakini Sirad abaki Nairobi, karibu na hospitali, mpaka ajifungue.

Tukalia wote wawili. Mimi zaidi.

Ijumaa, 8 Oktoba

Alhamdulillahi. Sirad amelala vizuri. Ameniahidisha: hila basi, mamake aambiwe ukweli leo. Nimeahidi, na kwa moyo safi.

Baada ya sala nimekwenda kwa mama mkwe. Nimekaa. Nimekohoa. Amenitazama kwa macho mekundu ya kilio, akauliza kwa nini haturudi nyumbani, na moyo wangu si umepona?

Nikamwambia umepona kabisa. Sasa ni ini.

Ini liko upande gani? Sikukumbuka. Nimeshika kote kuwili.