Nilivyooga Juu ya Nairobi

Wasee, leo sina pa kuweka uso. Nimefika nyumbani sasa hivi na masikio bado yanawaka. Wacha niwaambie mwenyewe kabla mke wangu hajawaambia.

Mnanijua. Mimi ni Wekesa, yule wa kuchomelea madirisha na milango ya chuma kando ya reli hapa Laini Saba, Kibera. Mke wangu Nanjala ana mdogo wake, Doreen, anakaa Kawangware. Doreen anasafisha vyumba kwa hoteli moja iko juu kabisa ya ghorofa refu huko tao (jina siwaambii, wasije wakanitafuta). Juzi mabosi wake wakampa zawadi ya mfanyakazi bora: kulala usiku mmoja kwa chumba cha wageni, yeye na familia, bure. Doreen akasema hiyo zawadi ni ya mamake. Akamwita kutoka Kimilili.

Sasa hapo kuna mambo. Sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawaonani ovyo. Hakuna kusalimiana kwa mkono. Hakuna kulala chini ya paa moja. Nikikutana naye njiani, mimi ndiye naingia kwa majani. Na nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia katikati. Kwa hivyo tangu tuoane, huyo mama hajawahi kukanyaga kwetu. Mtoto wetu Neema ameanza kuongea, anaimba mpaka anatuchosha, na kukhu wake, yaani nyanya yake, anamsikia kwa simu tu. Nanjala hulia kwa sababu ya hiyo maneno. Mimi humwambia, "Sasa nifanye nini? Ni mila."

Leo asubuhi akaniambia, "Na wewe kuja. Si wewe ni fundi wa madirisha? Kuja uone madirisha."

Tukapanga zamu kama masoja wa geti. Mama aone chumba kwanza, halafu Nanjala na Doreen wampeleke, pamoja na Neema, kunywa chai kule nje kwa roshani. Wakitoka, mimi niingie, niangalie, niteremke. Tusikutane hata kivuli. Mpango ulikuwa safi kabisa.

Lifti! Wasee, ile kitu haipandi, inarushwa. Masikio yakaziba, tumbo likabaki chini na walinzi. Nikashika ukuta kwa mikono miwili. Jamaa mmoja wa suti akaniangalia, nikajifanya nakagua kama ukuta umechomelewa vizuri. (Haukuwa umechomelewa. Ulikuwa kioo.)

Doreen akanifungulia mlango kwa kadi. "Shem, usiguse kitu. Nikikupigia, toka mbio." Akarudi kwa mamake.

Nikabaki pale mlangoni na mdomo wazi. Zulia lilimeza viatu vyangu, nikavua kwa heshima, nikavibeba mkononi. Kitanda kingetosha familia yote ya Laini Saba, na wageni. Lakini dirisha! Kutoka sakafuni mpaka juu, kutoka ukuta mpaka ukuta, kioo kitupu. Na hakuna grili! Maisha yangu yote sijawahi kuona dirisha bila grili. Halafu nikafikiria, ni mwizi gani atapanda huku? Kulikuwa na mwewe anazunguka angani, na huyo mwewe alikuwa chini yangu. Chini yangu, wasee!

Nikatafuta kwetu. Ngong niliiona, milima yote imekaa pale kama ng'ombe wamelala. Nikafuata reli kwa macho, nyembamba kama uzi, mpaka nikafika kwa mabati. Kibera yote ni rangi moja, kahawia, imetandazwa kama mahindi juani. Mahali fulani ndani ya hiyo rangi kuna mashine yangu ya kuchomelea, na jirani yangu anayenigombeza kwa sababu ya cheche. Nilisimama sana. Kutoka huko juu hatuna kelele hata kidogo. Karibu nilie, na sijui nilikuwa nalilia nini.

Ningeteremka hapo, ningekuwa na heshima zangu mpaka sasa. Lakini nikafungua mlango wa bafu.

Ndani kulikuwa na karai. Karai jeupe, la kulala mtu mzima, limewekwa kando ya dirisha. Yaani unaoga ukiangalia Nairobi! Nikafungua mfereji kidogo tu, nijaribu. Maji ya moto yakaja. Yakaendelea kuja. Mimi huoga na nusu ya mtungi, na kichwa kikiwa na povu nusu inakuwa imeisha. Haya hayakuisha.

Sikumbuki nikivua nguo. Nakumbuka tu nikiwa ndani, povu limefika kidevuni, natazama magari yakitambaa huko chini kama siafu, nikisema peke yangu, "Eh, Mungu. Eh, Mungu." Uchovu wa mwaka mzima ukanitoka mgongoni.

Simu? Nilikuwa nimeiacha chumbani inachaji, nyuma ya kitanda. Tena haina sauti.

Halafu nikasikia mlango. Sio wa bafu. Ule mwingine.

"Mama, keti hapa, kizunguzungu kitaisha." Sauti ya Nanjala.

"Mnanipeleka kunywa chai mahali hata ndege wanaogopa?" Sauti ya mama mkwe.

Nikazama ndani ya maji mpaka puani.

"Wekesa yuko wapi?" Nanjala akanong'ona.

"Nimempigia, hashiki," Doreen akajibu. "Lazima ameshateremka."

Wasee, sikupumua. Nikajiambia, watampumzisha, watatoka, nami nitatoka. Lakini taa ya bafu ilikuwa inawaka, na chini ya mlango lazima mwanga ulikuwa unaonekana. Nikainuka polepole, povu mwili mzima, nizime. Ukutani kulikuwa na kibao chenye swichi nyingi. Nikabonyeza moja.

*Ngiiiiii.*

Kulikuwa na pazia upande mmoja wa bafu. Mimi, fundi wa madirisha, nilidhani nyuma yake kuna ukuta. Kumbe ni kioo, na nyuma ya kioo ni chumba! Na pazia halikufunguka haraka, hapana. Lilipanda polepole, kutoka chini, kama la mkutano wa injili. Nikaona viatu vya mama. Nikaona leso yake. Nikabonyeza swichi nyingine, muziki ukaanza! Nikabonyeza nyingine, taa zikaongezeka! Nikanyakua kilichokuwa karibu, kile kizulia cha kukanyagia, nikajifunika nacho. Pazia likamaliza kupanda.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwa kiti, ananitazama macho kwa macho.

"Kukhu, ona baba!" Neema akapiga makofi. "Baba ako na ndevu za sabuni!"

Nikataka kugeuka. Nageuka wapi? Mbele mama mkwe, nyuma Nairobi nzima.

Nanjala alishika kichwa. Doreen alikimbia kutafuta swichi ya upande wao. Mama alijirushia leso usoni, akainama. Mabega yakaanza kutetemeka. Nikasema basi, nimemuua mama ya watu, ndoa imeisha, na nitarudishwa Kimilili mbele ya wazee nikiwa na kizulia.

Halafu sauti ikatoka chini ya leso. Maneno ya kwanza huyo mama amewahi kuniambia moja kwa moja, tangu nimjue:

"Mkwe. Hayo maji ni ya moto?"

"Ndiyo, mama," nikajibu kutoka nyuma ya kioo. "Ni ya moto sana."

Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe kicheko ndicho kilikuwa kinamtetemesha. Nanjala naye akaanza, Doreen akakaa chini kabisa, pazia bado liko juu na mimi nimesimama tu pale, natona maji.

"Sasa tumeonana," mama akasema, leso bado usoni. "Wazee watatusemea. Wewe utaninunulia blanketi, mimi nitakuletea kuku, mila itengenezwe. Halafu nitakuwa nakuja kwenu mchana nikae na mjukuu wangu. Nimechoka kumsikia kwa simu." Akamgeukia binti yake. "Doreen, shusha hiyo kitu. Na huyu atoke haraka, na mimi nataka kuoga."

Nimewaacha huko, nimeteremka na lifti nikiangalia viatu vyangu. Nanjala amenipigia, analia tena, lakini sio kile kilio cha siku zote. Anasema mama ako ndani ya karai na amekataa kutoka.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Anayetaka kucheka acheke, lakini akumbuke na yeye ana mama mkwe.